Kabla hujabonyeza "Toa pesa": ya kuzingatia ukiishi kwa wanaokulipia kila mwezi

Ukiwa na ukurasa mtandaoni ambako wafuasi hulipia kazi zako, salio unaloliona hapo bado si pesa iliyo mkononi. Kati ya kadi ya mfuasi na akaunti yako wamo wenye mtandao, kampuni inayochakata malipo, na benki moja au mbili, na yeyote kati yao anaweza kuizuia njiani. Mara nyingi inazuiwa na jambo dogo ambalo ungelirekebisha mapema. Kwa hiyo shughulikia njia ya kutoa pesa kabla hata hujapanga bei ya uanachama.

Jiulize kwanza kama njia hiyo inafika ulipo. Substack, mtandao wa majarida ya barua pepe, kwa mfano, huwalipa waandishi kupitia kampuni ya kuchakata malipo ya Stripe, na Stripe haifungui akaunti katika kila nchi. Inauma sana kukusanya wasomaji mwaka mzima, kisha kulijua hilo siku unayotaka kuanza kutoza.

Kisha jina. Hapa ndipo watu wengi hukwama, na nakusihi usiharakishe. Jina la kisanii likae kwenye ukurasa, lakini kwenye taarifa za malipo andika jina la kitambulisho, herufi kwa herufi. Kitambulisho kikiwa na majina matatu na akaunti ya benki mawili, au benki ikiwa imebaki na jina la kabla ya ndoa, lisawazishe sasa, wakati hakuna deni linalokusubiri. Angalia pia kitambulisho kinaisha lini. Msimbo wa SWIFT, unaoitambulisha benki katika malipo ya kimataifa, una herufi na tarakimu 8 au 11. Ukihesabu ukapata 9, umekosea. Kampuni nyingi za Marekani humtaka mtu asiye Mmarekani ajaze fomu ya kodi ya W-8BEN, ambayo kwa kawaida hudumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya ule wa kusaini. Uliyoisaini 2023 inakoma 31 Desemba 2026.

Pesa inaweza kuwa tayari kabisa na wewe ukashindwa kuingia. Kama namba za uthibitisho zinakuja kwa SMS, laini ikipotea umefungiwa nje. Tumia programu ya uthibitishaji, inayotoa namba hizo bila SMS, na zile namba za akiba unazopewa ziandike kwenye karatasi uiweke mbali na simu. Usifungue akaunti kwa barua pepe ya kazini au chuoni, kwa sababu siku ukiondoka, barua pepe hiyo itazimwa.

Ijue kalenda ya mtandao wako. YouTube hulipa kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata, tena kama umefikisha kiwango, ambacho kwa wanaolipwa kwa dola ni 100. Ongeza wikiendi na sikukuu za benki. Kodi ya nyumba usiipangie tarehe ya kwanza.

Pesa iliyokwisha kuingia nayo inaweza kurudishwa kwa aliyelipa. Mwenye kadi akipinga makato, mara nyingi ana hadi siku 120 za kufanya hivyo, na PayPal ikiiwekea akaunti vikwazo inaweza kushikilia salio hadi siku 180. Kuna pia mambo usiyoweza kuyazuia. Agosti 2021 OnlyFans, mtandao ambako wafuasi hulipia maudhui kila mwezi, ilitangaza kupiga marufuku maudhui ya wazi ya ngono, ikitaja shinikizo la mabenki, kisha ikaghairi baada ya siku chache. Fikiria siku hizo zilivyokuwa kwa waliokuwa na mlango huo mmoja tu wa kipato. Weka akiba ya matumizi ya miezi miwili ukiweza, na pakua orodha ya barua pepe za wanaokulipia pale mtandao unaporuhusu.

Yote yakishakaa sawa, toa kiasi kidogo kabisa kinachoruhusiwa na uhesabu siku hadi kifike. Jaribio hilo litakuonyesha kosa wakati halikuumizi, na litakupa kipimo cha kawaida. Zikipita siku nyingi kuliko hizo, waandikie huduma kwa wateja ujumbe mmoja wenye tarehe ya ombi, kiasi, namba ya muamala na picha ya skrini. Endelea kwenye mazungumzo hayohayo, maana ukifungua mapya kila siku unaweza kurudishwa nyuma ya foleni. Usibadilishe akaunti ya benki katikati ya ucheleweshaji. Mitandao mingi huchukulia badiliko hilo kama dalili ya wizi na kuanza uhakiki upya.