Nyimbo kumi bora za taarab: namna ya kuzipanga barazani

Uliza barazani baada ya alasiri ni wimbo gani wa taarab unaoshinda zote, utajibiwa jina la mwimbaji. Mjadala huharibikia hapo hapo: mmoja anatetea sauti, mwengine shairi, wa tatu anatetea harusi yake. Basi kahawa haijamiminwa, kubalianeni kwanza: mnapanga tungo au rekodi?

Chukua "Muhogo wa Jang'ombe", alioimba Siti binti Saad na baadaye Bi Kidude. Nafasi ya 1 ikiwa na pointi 10 na ya 2 pointi 9, wawili wakiuweka wa Siti nafasi ya 1, ni pointi 20. Watatu wakiuweka wa Bi Kidude nafasi ya 2, ni 27. Wimbo mwengine wenye 30 unazipita zote mbili, na kumbe kwa pamoja zingefika 47. Hesabuni utungo mmoja. Ya rekodi mtabishania pembeni.

Watu saba wanatosha, wazee kwa vijana. Umri ukiwa mmoja, orodha nayo huwa ya kizazi kimoja. Jarida la Rolling Stone la Marekani lilimweka Bob Dylan juu kwenye orodha yake ya nyimbo bora mwaka 2004. Mwaka 2021, kwa wapigaji kura wengine, akakaa Aretha Franklin.

Kila mtu aandike nyimbo 10 kimya kimya. Mzee akitangulia kutaja wake, vijana watamfuata kwa adabu tu. Nafasi ya 1 ina pointi 10, ya 10 ina pointi 1. Wimbo uliomo kwenye karatasi moja tu utolewe (mara nyingi ndio ule wa harusi).

Kabla ya kura, someni beti bila ala. Sikilizeni vina, hesabuni mizani, kisha tafuteni fumbo: lina maana ya pili au ni kijembe kitupu? Mkianza kutaja kijembe kilimlenga nani mtaani, kura imekufa.

Rekodi za zamani zina hukumu yake. Siti alirekodi Bombay mwaka 1928, na upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika 3. Jukwaani wimbo hupita dakika 10, kwa hiyo ufupi usihesabiwe kasoro. Tumieni spika moja kwa nyimbo zote. Kwenye simu tupu besi na dumbak (ngoma ya mkono) hupotea.

Zikitokea sare, utangulie wimbo uliomo kwenye karatasi nyingi zaidi. Bado sare? Ziwekeni nafasi moja, mnywe kahawa.