Kufunga raki ya seva kwenye chumba cha kazi nyumbani bila kelele

Karibu kila anayeniomba nimsaidie kufunga raki nyumbani, yaani fremu ya chuma ya kupangia seva, huja na swali la kabati: lipi linazuia sauti? Liache kwanza. Kabati lililozibwa kwa sponji hufungia kelele pamoja na joto. Joto likipanda, feni zinaongeza mwendo, na unarudi pale pale, safari hii diski nazo zikiwa za moto. Ukimya utafute kwenye vifaa.

Hatua ya 1: Chagua vifaa kwa kuangalia feni

Seva ya 1U usinunue, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. U ni kipimo cha kimo cha vifaa vya raki, na U moja ni milimita 44.45 tu kwenda juu, kwa hiyo feni zinazoingia humo ni za milimita 40, na feni ndogo kiasi hicho mara nyingi hulazimika kuzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika ili ipitishe hewa ya maana. Mlio wake mwembamba hupenya mlango. Chukua kasha la 4U. Linameza feni za milimita 120, hitisinki (chuma cha kupozea prosesa) ndefu ya kompyuta ya kawaida na pawa saplai ya ATX.

Swichi ya mtandao iwe isiyo na feni kabisa. UPS, ile betri ya akiba umeme ukikatika, iwe ya aina inayoingilia kati pale tu umeme unapoyumba. Ile inayobadilisha umeme mara mbili muda wote, feni yake hailali.

Hatua ya 2: Simamisha raki

Pima kina kabla ya kulipa. Upana wa inchi 19 ni ule ule kote, lakini seva nyingi zina kina cha zaidi ya milimita 700, na makabati madogo ya mtandao huishia 450 au 600. Mimi napendelea raki wazi ya nguzo nne, isimame sakafuni juu ya vipande vya raba nene. Usiitundike ukutani: ukuta mwepesi hugeuka ngoma. UPS ikae chini kabisa.

Hatua ya 3: Tuliza diski

Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, na huo ndio uvumo mzito unaousikia usiku. Sponji haiugusi. Weka washa (pete) za raba kati ya diski na kasha, na usikaze skrubu hadi raba ibanike bapa.

Hatua ya 4: Badilisha feni, kisha rekebisha vizingiti

Kubadilisha feni ni kazi ya bisibisi. Chukua feni za waya nne, na uangalie mshale wa hewa ubavuni.

Kasheshe huanza baada ya kuwasha. Feni zinanguruma kwa nguvu zote, zinatulia, zinanguruma tena, bila kikomo. Watu hurudisha feni dukani wakidhani ni mbovu, au wanahangaika na BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, usiku kucha. Feni ni nzima. Bodi ya seva ina kidhibiti chake, BMC, kilichowekewa kizingiti cha chini, yaani kasi ndogo kabisa kinayoikubali, kwa ajili ya feni za kasi. Feni mpya ikizunguka mara 400 kwa dakika, BMC inahesabu kwamba imekufa, inazipandisha zote hadi mwisho; kasi ikivuka kizingiti, tahadhari inafutika, zinashuka, na mchezo unaanza upya.

Dawa yake ni ipmitool, programu ya kuzungumza na BMC kwa kuandika amri. Kwanza soma majina na kasi za feni:

`ipmitool sensor`

Kisha shusha vizingiti, feni moja baada ya nyingine:

`ipmitool sensor thresh FAN1 lower 100 200 300`

Namba zinakwenda kutoka hatari kubwa hadi onyo dogo, kwa hiyo ya kwanza iwe ndogo kuliko zote. Namba ya mwisho iwe chini ya kasi ya chini kabisa ya feni yako kwa nafasi ya kutosha, maana feni ikipoa huzama kidogo. Baada ya kuandika, soma tena: BMC huweza kukadiria namba kwa hatua zake yenyewe, na uliyoandika siyo lazima iwe iliyohifadhiwa. Ukisasisha fimwea (programu ya ndani) ya BMC, rudi ukague, kwani mipangilio inaweza kufutika.

Angalia pia umechomeka wapi. Kwenye bodi nyingi za Supermicro, feni zenye namba hufuata joto la prosesa, zenye herufi, kama FANA, hufuata eneo la vifaa vingine. Feni ya mbele ya diski ichomeke FANA.

Baadhi ya seva za Dell na HP zina viunganishi vyao wenyewe, hivyo feni ya kawaida haichomeki moja kwa moja. Kama umekwama na 1U, Noctua NF-A4x20 huishia mizunguko 5,000: kimya utapata, lakini hitisinki isiyo na feni yake hutegemea upepo ule ulioupunguza. Na pawa saplai usiifungue; kapasita zake hubaki na umeme hata ukichomoa plagi.

Hatua ya 5: Njia ya hewa

Hewa iingie mbele, itoke nyuma. Nafasi tupu zizibe kwa mabamba, la sivyo hewa ya moto inazunguka kurudi mbele. Kiasi cha hewa unachohitaji kwa saa, kwa mita za ujazo, ni wati mara 3 gawanya kwa nyuzi unazokubali ziongezeke: wati 300 kwa nyuzi 10 ni kama mita za ujazo 90.

Hatua ya 6: Jaribu kwa mzigo

Endesha stress-ng, programu ya kuitwisha kompyuta mzigo, kwa saa nzima, ukifuatilia joto la diski kwa programu ya smartctl. Mimi sikubali diski ivuke nyuzi 45. Ikivuka, ongeza feni ya pili kabla ya kupandisha kasi: feni ya pili inayofanana huongeza takriban desibeli 3, ilhali kuzidisha kasi mara mbili huongeza kama 15.