Kabla Kuku Hajaanza Kukoroma: Mambo ya Kuzingatia kwa Anayefuga Uani

Kuku huficha ugonjwa. Anayedhoofu hudonolewa na wenzake, kwa hiyo hujikaza na kufuata kundi hata kama hali yake si nzuri, mpaka jioni moja unamkuta amejikunyata pembeni ya banda, shingo ameinyoosha, mdomo wazi, na kila pumzi inatoka na mkoromo. Kufikia hapo ugonjwa umeshakomaa, na duka la dawa za mifugo limeshafungwa. Mwenye kuku watano au ishirini nyuma ya nyumba hawezi kuzuia kila kitu, lakini karibu kila uamuzi utakaotakiwa usiku ule anaweza kuufanya leo, kuku wakiwa wazima.

Anza kwa kujua pumzi ya kuku mzima. Akiwa ametulia hupumua mdomo umefungwa, kimya, na mkia wake hautikisiki kwa kila pumzi. Ingia bandani usiku wakiwa wameshapanda kulala, simama kimya, sikiliza. Chafya, mluzi mwembamba na mkoromo ambavyo mchana humezwa na kelele za uani, usiku vinasikika waziwazi. Mchukue mmoja, weka sikio mgongoni kwake katikati ya mabawa. Kisha tazama manyoya ya bega. Kuku anayetokwa na kamasi hujifuta kwenye bawa, na mara nyingi utakuta pale manyoya yameshikana na uchafu wa kahawia wakati pua zenyewe zinaonekana safi. Zoea pia kutofautisha ugonjwa na joto. Mchana wa Februari Dar es Salaam kundi zima litahema midomo wazi na mabawa yameachiwa. Hao wanataka kivuli na maji ya baridi. Anayehema peke yake huku wenzake wametulia, au anayehema alfajiri penye ubaridi, ni mgonjwa.

Jambo linalofuata watu wengi hawajawahi kuambiwa, na linaua kuku ambao wangepona. Kuku hana kiwambo kinachotenga kifua na tumbo kama sisi. Mapafu yake hayatanuki. Hewa huvutwa na vifuko vya hewa tisa vilivyosambaa mwilini, kwa kifua kupanda na kushuka. Ukimbana kifua kwa mikono miwili, au ukimlaza chali ili umwangalie vizuri, unamnyima pumzi kidogo aliyobaki nayo. Mshike akiwa wima, mikono imezuia mabawa tu, kifua kiwe huru. Vilevile tundu la njia ya hewa liko nyuma tu ya ulimi. Dawa au maji unayommiminia mdomoni kwa nguvu yanaweza kuingia humo moja kwa moja. Wafundishe watoto na kijana wa kazi mambo haya mawili mapema, kwa sababu huenda wao ndio watakaokuwepo.

Kisha chunguza banda. Chuchumaa mpaka pua yako ifike pale kuku anapolala, asubuhi kabla hujafungua mlango. Ukihisi harufu kali inayochoma pua na macho, hiyo ni amonia itokayo kwenye mavi yaliyolowana, na kuku wako wamekuwa wakiivuta usiku kucha. Inaumiza njia ya hewa na kuvifungulia vijidudu mlango. Dawa yake ni kutoa matandiko machafu, kuziba panapovuja, na kuacha uwazi wa waya juu ya ukuta hewa ipite bila upepo kuwapiga waliolala. Maranda au pumba za mpunga zilizoota ukungu usizitandike kamwe, hata ukipewa bure: vumbi la ukungu likiota kwenye mapafu, hakuna antibayotiki itakayolitoa. Wanaolaza kuku jikoni kwa kuogopa wezi na vicheche, watafute namna nyingine. Moshi wa kuni kila siku ni mzigo mzito kwa mapafu yale madogo. Na anayelea vifaranga kwa jiko la mkaa ahakikishe hewa inaingia na kutoka.

Chanjo ya mdondo, ambao wengine huuita kideri, ndiyo nguzo ya maandalizi yote. Mdondo ni ugonjwa wa virusi, na hauna tiba. Ukiingia kwenye kundi lisilochanjwa unaweza kulimaliza, na dalili zake za mwanzo, kuhema na kukoroma, zinafanana na za magonjwa mengine mepesi. Chanjo ya I-2 inastahimili joto kuliko nyingine, na hapa nchini huzalishwa Kibaha na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania kwa jina la TEMEVAC. Ni tone moja kwenye jicho moja, kwa kifaranga na jogoo sawa, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Kustahimili joto hakumaanishi kuanikwa juani: ibebe imefungwa kitambaa chenye majimaji, ndani ya kitu chenye kivuli. Chanja walio wazima tu. Kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka, kwa hiyo ukijua mdondo hupita mtaani kwenu msimu fulani, chanja mwezi mmoja kabla. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja. Ongea na majirani mchanje siku moja. Kuku wa jirani asiyechanjwa anapita kwenye ua wako kila siku, kwa hiyo chanjo yake inakuhusu.

Ugonjwa mwingi huingia kwa miguu ya mgeni. Kuku wa zawadi aliyeletwa na basi kutoka kijijini ndani ya tenga, jogoo aliyenunuliwa mnadani, hata trei za mayai zilizozunguka sokoni, vyote vinaweza kuleta kitu. Andaa mapema kizimba cha mgeni, mbali na banda, chenye chombo chake cha maji. Akae humo siku 14 kwa uchache. 30 ni salama zaidi, maana mafua sugu, ugonjwa wa njia ya hewa unaokaa muda mrefu, yanaweza kuchukua wiki tatu kujitokeza. Hudumia kundi lako kwanza, mgeni mwisho, kisha nawa mikono na ubadili viatu.

Kizimba hicho hicho, kikisafishwa, ndicho kitakuwa wodi. Kiwe mahali pakavu, penye hewa na utulivu. Weka karibu pamba safi, chumvi, bomba la sindano lisilo na sindano kwa kupimia, na mizani ndogo ya jikoni. Kijiko cha chai kimoja cha chumvi katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa kinatosha kusafishia pua na macho yaliyogandamana. Mgonjwa apate maji karibu na mdomo na chakula kilichololoweshwa, maana aliyezibwa pua hawezi kula na kupumua kwa pamoja. Kuhusu mshubiri na pilipili, ninaheshimu waliofuga hivyo tangu zamani, ila maji yakiwa machungu mgonjwa hunywa kidogo, na yeye anahitaji maji kuliko kitu kingine chochote. Mafuta ya taa puani, hapana kabisa.

Dukani ukisema tu kwamba kuku anakoroma, utapewa antibiotiki. Tailosini na oksitetrasaiklini husaidia kwenye mafua ya kuku na mafua sugu, ambayo husababishwa na bakteria. Kwa mdondo hazifanyi kitu. Usinunue akiba ya kuweka kabatini kwa kubahatisha. Badala yake, uwe na namba ya afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo kwenye simu, na ujue la kumwambia. Uso umevimba, macho yana povu au yamefungwa, kamasi zina harufu mbaya? Hapo atafikiria mafua. Kinyesi cha kijani, shingo kupinda, vifo viwili vitatu kwa siku? Mdondo. Kifaranga ananyoosha shingo na kupiga miayo kila mara, naye hula konokono na minyoo ya ardhini? Huenda ni minyoo inayokaa kwenye bomba la hewa, na hiyo ina dawa yake. Vidonda vya ndui kwenye upanga wa kichwani, na utando wa njano mdomoni? Ndui imeingia kooni. Mpige kuku video ya nusu dakika yenye sauti, umtumie afisa au daktari. Inamsaidia kuliko maelezo marefu. Mwambie pia tarehe ya chanjo ya mwisho, ambayo uwe umeiandika ukutani mwa banda kwa chaki au mkaa. Ukipewa dawa, pima kwa uzito na si kwa kukadiria, changanya upya kila siku, maliza siku zote ulizoambiwa, na usile wala kuuza mayai mpaka muda ulioandikwa kwenye paketi upite.

Mkubaliane pia nyumbani nini kitafanyika kuku wakianza kufa kwa mfululizo, kwa kuwa siku hiyo kishawishi cha kuwachinja haraka au kuwakimbiza sokoni ni kikubwa. Kuku anayeuzwa akiwa mgonjwa hupeleka msiba kwenye nyumba nyingine, mara nyingi kwa mama ambaye kuku hao ndio ada ya mtoto. Januari 2017 Uganda ilithibitisha homa kali ya mafua ya ndege kwa ndege pori wa Ziwa Victoria karibu na Entebbe, kisha kwa kuku na bata wa kufugwa. Si jambo la mbali. Vifo vingi vya ghafla viripotiwe kwa afisa mifugo kabla ya kumchuna au kumchana yeyote. Mizoga ishikwe kwa mfuko wa plastiki mkononi, ifukiwe kwa kina ambacho mbwa hawezi kufukua, au ichomwe.

Na aliyepona mafua, hata akirudi kutaga vizuri, anaweza kuendelea kubeba vijidudu bila dalili. Usimhamishie kundi jingine wala usimpe jirani. Kama yalikuwa mafua sugu, mayai yake yaende jikoni na si chini ya kuku anayeatamia, kwa sababu ugonjwa huo hupita ndani ya yai mpaka kwa kifaranga.