Kabla ya kipimo cha mzio wa chakula, anza na daftari

Mpwa wangu wa miaka miwili aliandikiwa kipimo cha damu cha vyakula vingi kwa mpigo, na daktari wa watoto aliyemwona baadaye ndiye aliyenifundisha jambo hili. Kabla ya kukubali kipimo kama hicho, andika chakula alichokula mtoto, saa aliyokula na saa dalili ilipoanza, upige na picha ya vipele kwa kuwa mara nyingi hupotea kabla hamjafika kliniki. Kisha omba apimwe kile kinachoshukiwa tu. Mzio wa haraka huanza ndani ya dakika chache hadi saa mbili, hivyo saa hueleza mengi. Kipimo cha damu au cha ngozi huonyesha kwamba mwili umetengeneza kingamwili za IgE, yaani chembe za kinga zinazohusika na mzio, dhidi ya chakula, lakini peke yake hakithibitishi mzio, na wapo watoto wengi wenye majibu chanya wanaokula yai au karanga bila shida. Kumnyima mtoto maziwa, mayai na karanga kwa sababu ya karatasi ya majibu kunaweza kumdumaza. Na mwenye ukurutu (ngozi kavu inayowasha), akinyimwa kwa muda chakula alichokuwa akikivumilia kisha akarudishiwa, anaweza kupata mzio mkali. Anachokula salama aendelee kukila.

Daftari husaidia kidogo dalili zinapochelewa, kama kuharisha siku inayofuata. Midomo ikivimba, akipumua kwa shida au akilegea, mkimbize hospitali, wala usimwonjeshe tena chakula hicho nyumbani.