Kipandauso: meza mapema, ila hesabu siku

Wenye kipandauso mnajijua. Upande mmoja wa kichwa unagonga kama kinu cha kisamvu, mwanga hutaki, kelele hutaki, jirani akikaanga samaki we huku unatapika, halafu ndugu anakwambia "si kichwa tu, kunywa maji ulale". Mi ninacho tangu sekondari, na miaka mingi nilikuwa natibiwa malaria, yani kipimo kinasema hamna mdudu lakini mtu wa dawa anasema tukupe tu maana dalili zipo. Nikimeza mseto siku ya tatu nimepona. Kumbe kingeondoka chenyewe, sababu kikija kinakaa masaa 4 mpaka 72 basi, mseto ukala sifa za bure.

Kwahiyo anza na hapo. Kipandauso hakileti homa. Mwili ukichemka nenda kapime, na kama hujajua ni nini usikimbilie aspirini wala ibuprofeni, ikiwa ni dengue zinaweza kukuletea kutokwa damu. Panadol ya kawaida inatosha mpaka majibu yatoke.

Pili jifunze kinavyobisha hodi, maana hakianzi pale kichwa kinapouma. Wengi siku moja kabla wanapiga miayo hovyo, shingo inakaza, wananuna bila sababu, au wanatamani vitu vitamu (ndio maana mtu analaumu chokoleti aliyokula jana, wakati ile hamu yenyewe inaweza kuwa ni kipandauso kimeshaanza). Wengine wanaona zigizaga zinametameta au kiwingu kwenye macho, au mkono unakufa ganzi polepole, dakika 5 mpaka 60 hivi, ndo maumivu yanafuata. Kama we ni wa zigizaga na unatumia vidonge vya majira mwambie mtoa huduma, vile vyenye estrojeni vinaongeza hatari ya kiharusi kwa watu kama sisi, njia zingine zipo.

Sasa dawa. Kosa letu kubwa ni kuvumilia. Unajikaza ofisini mpaka saa tisa, unapanda daladala na jua lile, ukifika nyumbani ndo unameza, na hapo tumbo limeshagoma, chakula hakishuki na kidonge kinakaa humo humo au unakitapika. Meza maumivu yakiwa bado madogo: mtu mzima parasetamoli 2 za mg 500, au ibuprofeni mg 400 ukiwa umekula chochote, ila ibuprofeni sio kama una vidonda vya tumbo, figo mbovu, pumu inayochokozwa nayo au mimba. Kama kichefuchefu ndo kinakutesa omba hospitali wakuandikie metoklopramidi, inatuliza tumbo na dawa nyingine inapita. Kisha chumba cha giza, kitambaa cha maji baridi, simu mbali. Na uangalie majina, maboksi yanatofautiana rangi ila ndani unakuta parasetamoli ile ile, isizidi vidonge 8 vya mg 500 kwa masaa 24.

Haya, mapema ndio, lakini sio kila siku, na hapa ndo nilipopotea. Nilikuwa na vile vidonge vya mchanganyiko vyenye kafeini kwenye pochi kama pipi, kichwa kikitaka kuanza tu natupia kimoja, mwisho kichwa kikawa kinauma kila asubuhi mpaka nimeze. Ile ni dawa yenyewe inazaa maumivu. Ukimeza parasetamoli au ibuprofeni siku 15 na zaidi kwa mwezi, au hizo za mchanganyiko siku 10 na zaidi, kwa miezi inayopita mitatu, uko kwenye hatari hiyo. Kuacha kunauma jamani, siku za mwanzo kichwa kinalipiza kisasi, mi nilikaa kama wiki na nusu nalia na kila mtu nyumbani ananiogopa, halafu kikapungua. Afadhali umshirikishe daktari kabla hujaacha.

Dawa yake ni kalenda, ile ya ukutani ya bure ya dukani inatosha. Siku ya kichwa weka mstari, siku uliyomeza dawa duara, siku za hedhi nukta. Miezi miwili tu utaona mambo, mi mistari yangu inakaa pembeni ya nukta, na siku nilizoruka chai ya asubuhi. Kuna shoga yangu chake ni udi, sebule ikifukizwa tu kwisha. Ramadhani wenye kahawa nyingi punguzeni wiki moja au mbili kabla, msiache ghafla, na daku msiikimbie.

Ukiona mistari minne na zaidi kwa mwezi ipeleke hiyo kalenda hospitali, kuna dawa za kuzuia za kumeza kila siku na za zamani ni bei ya kawaida. Utapewa propranololi utashangaa mbona ya presha, au amitriptilini usome mtandaoni ni ya sonona ukasirike kwamba wamekuona chizi. Ni sahihi zote mbili, kwa kichwa zinafanya kazi yake nyingine. Mwenye pumu aseme kabla hajapewa propranololi. Na zipe miezi miwili mitatu, sio wiki moja unatupa.

Ila kichwa kilichopasuka ghafla kama radi, au kimekuja na homa na shingo ngumu, mdomo kwenda upande, mkono kukosa nguvu, au umegonga kichwa, au una mimba na macho yanaona ukungu, au umepita miaka 50 na hujawahi kuumwa hivi, hapo acha kalenda, tafuta usafiri usiku huo huo.