Majibu ya kinyama cha koo yakitoka, usiulize stedji tu

Kama mgonjwa wenu kakutwa na kansa ya koo na karatasi ya majibu ya kinyama, kile kipande kilichokatwa kooni kupimwa, mnayo mkononi, najua swali la kwanza ni "ipo stedji ya ngapi", ila swali hilo peke yake linapoteza watu. Sisi tulitoka na mjomba Newala mpaka Mtwara mjini, kinyama kikakatwa, tukasubiri weee, karatasi ikaja imeandikwa ni kansa, basi. Habari za kipimo cha p16 tumekuja kuzisikia Dar, na hapo ikabidi nirudi kusini kufuata blok, yaani kile kinyama maabara walichokihifadhi kwenye nta.

Sasa anza na mahali. Uliza kansa imeanzia wapi hasa. Ikiwa ni kwenye tonsesi au shina la ulimi, tafuta neno p16 kwenye ripoti, kama halipo ulizia. Hiyo ni protini, wanapaka rangi kwenye kinyama na kuangalia kwa hadubini, seli zikishika rangi vizuri kuanzia asilimia 70 wanaandika chanya. Inatokana na kirusi cha HPV, hasa aina ya 16, hawa hawa wa kansa ya shingo ya kizazi ambao mabinti zetu wanachanjiwa toka 2018. Kirusi kinaharibu breki ya seli inayoitwa Rb, breki ikishaharibika p16 inajazana. Yaani p16 ni moshi, moto ni kirusi, na kuna wachache wana moshi bila moto, p16 chanya lakini HPV yenyewe haipo, hao hawafanyi vizuri kama wenye vyote viwili, kwahiyo maabara ikiweza kupima na HPV yenyewe wapime. Ikianzia mdomoni kwa mbele au kwenye kisanduku cha sauti, p16 haina uzito huo.

Uzito gani? Utafiti wa Marekani uliotoka 2010 ulikuta baada ya miaka 3 wenye HPV walikuwa hai 82 kwa kila 100, wasio nayo 57. Ila usishangilie kabla hujahesabu sigara, hapa ndo watu wanadanganya. Nilimuuliza mjomba unavuta ngapi, akasema "chache tu mjomba". Chache zenyewe ni anazonunua mojamoja dukani, tukahesabu taratibu tumekaa barazani, zikawa kama 10 kwa siku kwa miaka 30. Pakiti ina 20, kwahiyo nusu pakiti kwa siku mara miaka 30 ni 15. Kwa hesabu hiyo hiyo, mstari wa utafiti ule ulikuwa 10: mwenye HPV aliyevuka hapo na ana tezi kadhaa za kansa shingoni alishuka kundi la kati, wakabaki hai 71 kwa 100, wakati kundi zuri lilikuwa 93. Mwambie daktari hesabu ya kweli, asiambiwe "chache".

Ukishajua p16 ndo urudi kwenye stedji. Toka 2018 p16 chanya ina jedwali lake, tezi zile zile za upande mmoja wa shingo zilizokuwa zinaitwa stedji ya 4 zinaweza kusomeka ya 1. Uliza wametumia jedwali lipi.

Kansa ikiwa nyuma ya pua, juu kule, achana na p16, hapo ulizia EBV, kirusi kilichogunduliwa 1964 kwenye uvimbe wa watoto wa jirani zetu Uganda. Kwenye kinyama kipimo kinaitwa EBER, na kwenye damu wanahesabu DNA ya kirusi. Ikiwa nyingi kabla ya tiba si nzuri, ila inayotisha zaidi ni ile iliyobaki baada ya mionzi kuisha.

Na jamani, p16 chanya sio ruhusa ya kupunguza dawa. Walishajaribu kuondoa cisplatin, dawa ya kansa inayoendana na mionzi, wakaweka nyingine iitwayo cetuximab, majibu yakatoka 2018, wagonjwa wakafa wengi zaidi.

Kuhusu blok: ni kipande cha nta, kama kishina cha mshumaa, kinyama kimelala ndani. Kiombe kabla hujapanda basi, maana p16 na EBER vinapimwa humo humo, mgonjwa hakatwi tena. Usikiache kwenye dashibodi juani, nta inayeyuka. Juu ya bahasha andika jina na namba ya maabara iliyo kwenye ripoti, mimi niliandika jina tu nikarudishwa dirishani.