Jinsi ya kutengeneza na kusoma msimbo wa Hamming kwa kalamu na karatasi

Msimbo wa Hamming huongeza biti za ukaguzi kwenye data ili mpokeaji aweze kugundua na kusahihisha biti iliyoharibika njiani. Chukua biti nne (tarakimu za 0 au 1) unazotaka kutuma, tuseme 1011. Chora visanduku saba kwa mstari mmoja na uvipe namba 1 hadi 7 kuanzia kushoto. Kisanduku cha 1, cha 2 na cha 4 viache wazi. Hivyo ni vya biti za ukaguzi. Biti zako ziingie 3, 5, 6 na 7 kwa mfuatano uleule. Anayeanza hupenda kuzirundika biti za ukaguzi mwishoni. Usifanye hivyo, kwani nguvu ya mbinu hii imo kwenye nafasi hizo tatu.

Kila biti ya ukaguzi ina kundi lake:

Kundi la 1: visanduku 1, 3, 5, 7
Kundi la 2: visanduku 2, 3, 6, 7
Kundi la 4: visanduku 4, 5, 6, 7

Jaza biti ya ukaguzi ili idadi ya tarakimu 1 katika kundi iwe shufwa. Kundi la 1 lina 1, 0, 1: tarakimu 1 ziko mbili tayari, kwa hiyo kisanduku cha 1 kinapata 0. Kundi la 2 lina moja tatu, basi kisanduku cha 2 kinapata 1. La 4 lina 0, 1, 1, nacho kisanduku cha 4 kinapata 0. Unatuma 0110011.

Tuseme mpokeaji kapata 0110001. Ahesabu upya kila kundi, pamoja na biti ya ukaguzi yenyewe (hapa ndipo wengi hukosea, huiacha nje). Kundi la 1 ni shufwa. La 2 lina moja tatu, witiri. La 4 lina tarakimu 1 mara moja tu, witiri. Ajumlishe namba za makundi yaliyokataa, yaani yenye witiri: 2 + 4 = 6. Kisanduku cha 6 ndicho kibovu. Akigeuze, kazi imekwisha. Jibu hujitokeza lenyewe kwa sababu kila namba kuanzia 1 hadi 7 hupatikana kwa njia moja tu ya kujumlisha 1, 2 na 4, na 6 imo katika kundi la 2 na la 4 pekee. Ni uzuri wa kweli wa hisabati.

Richard Hamming, aliyezaliwa Chicago mwaka 1915, alifika hapa kwa kuudhika. Katika maabara ya Bell, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu ya Marekani, mashine ya rilei (swichi za umeme) aliyoitumia wikendi ilikuwa ikigundua kosa, inaitupa kazi yake na kuendelea na nyingine. Kama mashine inajua kuna kosa, kwa nini isijue liko wapi? Alichapisha jibu lake mwaka 1950, na mwaka 1968 akapewa Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta.

Msimbo huu husahihisha kosa moja tu. Visanduku vya 3 na 6 vikiharibika pamoja, mpokeaji anapata 0100001, makundi ya 1 na 4 yanakataa, naye anageuza cha 5 kilichokuwa kizima. Anasoma 0101 badala ya 1011, bila dalili yoyote ya hatari. Dawa ni biti ya nane inayofanya moja zote za mstari ziwe shufwa. Kwa 0110011 ni 0. Makundi yakikataa na jumla ya mstari ni witiri, sahihisha. Yakikataa huku jumla ni shufwa, makosa ni mawili: usiguse kitu, omba data itumwe tena. Makundi yote yakikubali na jumla ni witiri, iliyoharibika ni biti ya nane yenyewe.

Kwa data ndefu nafasi za ukaguzi ni 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea. Biti 64 zinahitaji biti 7 za ukaguzi, na ile ya jumla inafanya 72 kwa pamoja.

Kelele za njiani mara nyingi huja kwa mfululizo, zikigonga biti kadhaa jirani. Basi andika mistari saba, mmoja chini ya mwingine, kisha utume safu wima baada ya safu wima. Pigo la biti saba mfululizo litagusa kila mstari mara moja tu.